ZIWA MOJA, SHERIA TATU

Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na kanuni ya kufunga uvuvi wa omena katika Ziwa Viktoria tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki huyo mdogo apate nafasi ya kuzaa na kukua. Miezi hiyo minne ilipowadia, wavuvi wa Sio Port na Port Victoria, katika Busia ya Kenya, walipaswa kupandisha mitumbwi yao nchi kavu, kuzima karabai na kukunja nyavu. Lakini ng'ambo ya mlango wa Mto Sio, katika mwalo wa Majanji ulioko Busia ya Uganda, samaki yule yule huitwa mukene, na kwa muda mrefu sheria ya huko haikumpa mapumziko ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwananchi wa Kenya aliyetii sheria ya nchi yake alikaa ufukoni bila kazi, huku samaki aliowaacha majini wakivuliwa na jirani, wakianikwa mchangani upande wa Uganda, na kuletwa kwa magunia katika soko la Busia, ambako jamaa zake wenyewe waliwanunua.

Haifai kumlaumu mvuvi wa Majanji, kwani hakuvunja sheria yoyote ya nchi yake. Wala kanuni ya Kenya haikuwa mbaya kwa nafsi yake. Samaki asiyepewa muda wa kuzaa atakwisha, na hilo halihitaji mtaalamu kulieleza. Kilichoiondolea kanuni hiyo nguvu ni kwamba ilishikwa upande mmoja tu wa maji yasiyo na ukuta. Historia ya uvuvi katika ziwa hili, tangu mpaka ulipochorwa, ni historia ya jambo hilo moja likijirudia kwa sura mbalimbali. Yafaa ikumbukwe kila panapozuka hoja kwamba dawa ya ugomvi wa wavuvi ni kuwagawa samaki kwa mafungu, kila nchi ipewe tani zake.

Mto Sio hushuka kupita nchi ya Bungoma na Busia hadi ziwani. Katika sehemu zake za chini wanakaa Wasamia, watu waliosifika zamani kwa uhunzi wa majembe na kwa uvuvi. Wanakaa kingo zote mbili, kwa lugha moja na kwa koo zile zile. Kabla ya utawala wa kigeni, uvuvi wa eneo hili ulitegemea zaidi mito na maji ya kando kuliko kina cha ziwa. Mvua kubwa zilipoanza, samaki aitwaye ningu aliacha ziwa akapanda mito ya Sio na Nzoia kwenda kutaga mayai, na watu walimngojea kwa nyua za fito na migono. Mahali pa kujenga uzio palikuwa na wenyewe, na mgeni hakusimamisha wa kwake bila ya kuomba. Huo nao ulikuwa mgao, ingawa haukupimwa kwa mizani. Ulipimwa kwa mahali na kwa majira, na kila aliyehusika alijua nani amevuka haki yake.

Tarehe 1 Aprili 1902 Serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu nyuma, mwishoni mwa 1901, na wakubwa wa London walipendelea reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mto Sio ukageuka kuwa mpaka. Wasamia walilala wakiwa watu wa nchi moja wakaamka wa mbili, wala hakuna aliyewauliza. Mnamo 1926 Amri ya Mfalme katika Baraza iliueleza mpaka huo kwa urefu, na maneno yake yangali ndiyo msingi wa mpaka wa leo. Msikilizaji mwenye ramani anaweza kuufuata kutoka kusini: unaanzia kwenye mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta, unapanda hadi ncha ya magharibi ya Kisiwa cha Pyramid, kisha hadi Ilemba, Kiringiti na Mageta, unageuka kwenda Kisiwa cha Sumba, na kutoka hapo unakwenda moja kwa moja hadi katikati ya mlango wa Mto Sio.

Waliouandika mstari huo walikuwa wakifikiria utawala, kodi na mahakama. Kuhusu samaki haukusema neno, na kwa wakati ule ukimya huo ulionekana hauna madhara, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja, na Tanganyika nayo ilikuwa chini ya Waingereza tangu kushindwa kwa Wajerumani.

Hata hivyo dhara lilikuwa limekwisha kuanza. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Ghuba ya Winam. Zilikuwa nyavu zisizofanana na chombo chochote kilichotangulia. Mtu mmoja mwenye mtumbwi aliweza kutega jioni na kuvuna alfajiri, na reli ya Kisumu ilikuwa tayari kuchukua samaki hadi Nairobi. Samaki aliyetafutwa alikuwa ngege, aina ya sato wa ziwa hili, mtamu na mwenye bei nzuri. Hapo mwanzo wavu mmoja ulinasa makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Katika miaka ya 1920 wavu kama huo katika ghuba uliweza kutoka majini na ngege wasiofika kumi.

Serikali za kikoloni zilishtuka, si kwa sababu ya njaa ya wenyeji bali kwa sababu biashara ilikuwa inaharibika. Wakamleta Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi wa bahari kutoka Uingereza, ambaye alilikagua ziwa mnamo 1927 na 1928. Taarifa yake, iliyochapishwa 1929, ilikuwa na shauri mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa kwamba nyavu za kutega zenye matundu ya chini ya inchi 5 zipigwe marufuku ziwani kote, ili ngege wachanga wapite. Ya pili ilikuwa kwamba ziwa zima liwe chini ya chombo kimoja cha usimamizi, kikusanye hesabu za samaki na kutunga kanuni kwa nchi zote tatu.

Serikali hizo zilifanya kama serikali nyingi zifanyavyo zinapopewa ushauri wenye sehemu nyepesi na sehemu nzito. Kanuni ya inchi 5 ilipitishwa mapema katika miaka ya 1930. Chombo kimoja cha usimamizi kilingoja hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947, ndipo ikaundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria kwa nchi zote tatu. Mwaka huo huo kituo cha utafiti wa samaki kikaanzishwa Jinja.

Idara hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza ziwa kuwa na mkono mmoja. Ilisajili vyombo, ilituma watu mialoni kuhesabu samaki, na ilipiga doria dhidi ya nyavu ndogo. Haikuwa idara ya wananchi. Wavuvi hawakuwa na sauti ndani yake, na doria zake zilijulikana zaidi kwa kunyang'anya nyavu kuliko kwa kueleza sababu. Watumishi wake walikuwa wachache mno kwa ziwa lenye eneo la kilometa za mraba 68,800. Tena iliingia kazini wakati ambapo nyavu za nailoni zilikuwa karibu kuwasili, nyavu zisizooza, zinazonasa zaidi ya kitani na kudumu zaidi. Pamoja na upungufu huo wote, ilikuwa na jambo moja ambalo halijapatikana tena kwa ukamilifu tangu hapo: wavu uliokatazwa Sio Port ulikatazwa Majanji pia.

Umoja huo ulivunjika kabla hata ya uhuru. Katikati ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika ziliiondoa kanuni ya inchi 5. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito wake. Kanuni ilivunjwa kila siku na nguvu za kuisimamia hazikuwepo. Vile vile ilidaiwa kwamba samaki wadogo wa aina nyingine walikuwa wakiachwa bila kutumiwa. Kenya iliishikilia kanuni hiyo hadi 1961. Kwa hiyo ipo miaka kadhaa ambapo mvuvi wa Port Victoria alikamatwa kwa wavu ambao jirani yake wa upande wa pili aliununua dukani kwa halali. Nyavu za kuvuka mpaka kwa magendo zilikuwa rahisi kuliko sukari. Kufikia 1960 Idara ya pamoja ilikuwa imevunjwa na kazi zake kugawiwa idara za kila nchi.

Yaliyofuata yalikuwa kama Graham alivyohofia. Matundu yalipunguzwa, samaki wakaongezeka sokoni kwa muda mfupi, kisha wakapungua, na matundu yakapunguzwa tena. Ngege aliyekuwa nguzo ya uvuvi wa ghuba alitoweka karibu kabisa. Ningu wa mito naye alipata pigo lake, maana nyavu zilitegwa kwenye milango ya mito wakati ule ule alipokuwa akipanda kutaga. Mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika mwaka 1965 juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Mto Nzoia, na jinsi ufundi wa asili wa nyua na migono ulivyofifia pamoja naye. Mzee aliyerithi mahali pa kujenga uzio alibaki na mahali pasipo samaki.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo mara nyingi husimuliwa kama habari ya samaki mmoja mkubwa, kumbe ni habari ya uamuzi. Ipo dalili kubwa kwamba sangara, ambaye Kenya humwita mbuta na Uganda mputa, alitiwa ziwani kwa siri upande wa Uganda mnamo 1954. Wataalamu wa kituo cha Jinja, akiwemo Geoffrey Fryer, walionya hadharani kwamba mla samaki mkubwa kama huyo ataliharibu ziwa. Juu ya maonyo hayo, sangara wengine walitiwa rasmi Entebbe na Kisumu mwaka 1962 na 1963. Tanganyika, yenye sehemu kubwa kuliko wote ya ziwa, ilimpokea bila kumwalika. Mapema katika miaka ya 1980 sangara alijaa kila mahali, aina nyingi za furu zikatoweka, na uvuvi wa vijiji ukageuka biashara ya dunia. Walioamua walikuwa wachache katika ofisi chache, na walioguswa ni kila aliyeishi kando ya ziwa hadi leo.

Wakati sangara alipokuwa akiongezeka, chombo cha kushauriana hakikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kituo cha Jinja kikabaki cha Uganda peke yake, Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti 1979, na Tanzania ya kwake 1980. Kila moja ilihesabu samaki kwa njia yake. Viwanda vya minofu vilitangulia kujengwa upande wa Kenya, na magari ya barafu na mashua za wanunuzi zilikwenda kutafuta sangara hata katika maji ya majirani. Hapo ndipo hesabu zilipoanza kusema uongo bila ya mtu kukusudia: samaki aliyevuliwa Uganda au Tanzania akapelekwa kiwandani Kisumu aliweza kuonekana kama mali ya Kenya. Kenya, yenye asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, ilitokea katika vitabu kuwa taifa kubwa la uvuvi. Uganda ina asilimia 43 na Tanzania asilimia 51.

Tarehe 30 Juni 1994 wajumbe wa nchi hizo tatu walikutana Kisumu wakatia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao Jinja. Shauri la pili la Michael Graham lilikuwa limechukua miaka 65 kurudi mezani. Shirika hilo limefanya kazi ambayo haipaswi kubezwa. Limesaidia kuunda vikundi vya usimamizi katika mialo ya nchi zote tatu. Limeandaa hesabu ya pamoja ya wavuvi na vyombo. Tangu 1999 ziwa limekuwa likipimwa kwa vyombo vya mawimbi ya sauti vinavyokadiria uzito wa samaki walio majini, vikipita maji ya kila nchi katika safari moja. Kanuni ya kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe ilikubaliwa kwa pamoja. Katika kuisukuma kanuni hiyo walaji wa ng'ambo nao walikuwa na sehemu yao, kwani kati ya 1997 na 2000 masoko ya Ulaya yalifungwa mara kadhaa kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu za afya, na serikali zote tatu zilionja pamoja uchungu wa kukosa fedha za kigeni.

Lakini Shirika hilo hushauri. Halikamati mtu, halitoi leseni wala halifuti. Sheria hutungwa Nairobi, Kampala na Dodoma, na doria hufanywa na kila nchi kwa bendera yake. Katika nafasi hiyo, kati ya makubaliano na utekelezaji, ndipo lilipokua tatizo la Migingo.

Migingo ni jiwe dogo lililo karibu na Kisiwa cha Pyramid, kile kile kilichotajwa katika amri ya 1926. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu 131 juu yake. Thamani yake si udongo, maana hauna. Thamani yake ni kwamba kiko karibu na kina cha maji ambamo sangara wakubwa walikuwa bado wanapatikana wakati maji ya ufukoni yalipokuwa yamechoka. Mwaka 2004 askari wa Uganda walikwenda kukaa hapo na wavuvi wa Kenya wakatakiwa kulipa. Mwaka 2009 jambo hilo lilifika bungeni Nairobi na mitaani kwa hasira. Mwezi Mei mwaka huo Rais Yoweri Museveni alikubali kwamba kisiwa chenyewe ni cha Kenya, ila akashikilia kwamba maji ambamo wavuvi wanatega ni ya Uganda. Upimaji uliofanywa baadaye uliweka kisiwa mita 510 ndani ya Kenya. Kwa maneno mengine, mpima alijibu swali la nani mwenye jiwe, na wavuvi walikuwa wakiuliza swali la nani mwenye haki ya sangara anayeogelea mita 600 kutoka hapo.

Huku kaskazini, katika maji ya Sumba na Sigulu, ugomvi huo huo umekuwepo bila kelele za magazeti. Wavuvi wa Bunyala wamekuwa wakikamatwa na doria za Uganda, nyavu na mashine zao zikichukuliwa, na jamaa zao wakisafiri kupitia Busia kwenda kuwakomboa. Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 2017, Uganda ilipoliingiza jeshi katika ulinzi wa uvuvi. Mitumbwi isiyofikia urefu uliowekwa, futi 28, na nyavu haramu zilichomwa moto mialoni. Wafanyabiashara wa minofu walisema sangara wakubwa wamerudi. Wavuvi maskini, Waganda kwa Wakenya, walisema wamefukuzwa ziwani ili matajiri wenye mashua ndefu wavue. Huenda kauli zote mbili zilikuwa za kweli. Kanuni inayopima mtumbwi kwa urefu wake humpima pia mwenyewe kwa mfuko wake, na wenye dhamana mara nyingi hawalioni hilo hadi moshi uwe umepanda.

Ndipo inaporudi hoja ya mafungu. Wanaoitetea huitaja Ulaya. Mnamo Januari 1983 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana, baada ya miaka mingi ya mabishano, kwamba kila mwaka mawaziri wataweka kikomo cha tani kwa kila aina ya samaki, na kila nchi ipewe sehemu yake kwa kipimo kisichobadilika kilichotokana na uvuvi wake wa zamani. Mpango huo umedumu, pamoja na ugomvi wake. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, samaki walikuwa miongoni mwa mambo ya mwisho kupatanishwa, ingawa thamani yao katika uchumi wa nchi hiyo ni ndogo sana.

Mfano wa Ulaya unafaa kusomwa, lakini kwa macho mawili. Kwanza, samaki wa Ulaya wanaowekewa mafungu hushushwa kwa wingi katika bandari zenye mizani na makarani. Ziwa Viktoria lina mialo inayozidi elfu moja, na mingi haina hata choo. Mwaka 2000 hesabu ya pamoja ilipata wavuvi wapatao 129,000. Katika miaka ya 2010 idadi yao ilipita 200,000. Samaki wanaovuliwa kwa mwaka hukadiriwa kufika tani milioni moja, na sehemu kubwa ni dagaa wanaopimwa kwa ndoo na debe. Nani atasema siku ambayo fungu la Uganda limekwisha? Na gunia la mukene lililovuka Busia likaandikwa upande wa Kenya litatolewa katika fungu la nani? Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha kuvusha bidhaa, na hilo ni jema kwa mama muuza samaki. Hakikujengwa kueleza samaki huyo alizaliwa maji gani.

Pili, na hili ni zito zaidi, hakuna kipimo cha kugawia ambacho hakimdhulumu mmojawapo. Kama ni eneo la maji, Kenya itapata asilimia 6, na wavuvi wake zaidi ya 40,000 watalazimika kuishi kwa fungu ambalo halitoshi hata nusu yao. Kama ni uvuvi wa zamani, kwa mtindo wa Ulaya, Kenya itafaidika kwa vitabu vya miaka ya 1980, ambamo samaki wa majirani waliandikwa kama wa kwake. Tanzania na Uganda zitakuwa zimeadhibiwa kwa kuchelewa kujenga viwanda. Kama ni mazalio, basi wenye ghuba, matete na milango ya mito watadai malipo kwa kila samaki anayekulia kwao na kunenepea kwa wengine. Hoja hii ya tatu ina haki nyingi ndani yake. Mlango wa Sio ni wa nchi mbili kwa mujibu wa amri ya 1926, na matete yakifyekwa upande mmoja wenye mitumbwi wa pande zote mbili hukosa. Lakini hadi sasa hakuna meza ambayo mazalio yamewekewa bei.

Kwa hiyo mgao wa tani, kwa ziwa hili na kwa hali hii, ungekuwa mgao wa karatasi. Ungempa kila waziri tarakimu ya kutetea bungeni na kumwacha mvuvi pale pale alipo. Linalowezekana zaidi ni kugawana juhudi badala ya samaki: idadi ya vyombo, aina ya nyavu, na miezi ya kupumzika. Mtumbwi unaonekana kwa macho, una namba ubavuni, na kikundi cha mwaloni kinamjua mwenye nao. Miezi ya kupumzika ni rahisi kuliko yote kuisimamia, mradi ianze na kwisha siku moja pande zote. Kikundi cha Sio Port na kikundi cha Majanji vikiwa na kalenda moja, vitachungana vyenyewe bila ya askari, kwa sababu kila upande utakuwa unaona taa za upande wa pili.

Zipo pingamizi mbili ambazo lazima zikabiliwe kabla ya hapo. Leseni za uvuvi ni mapato ya serikali za mitaa. Wilaya ya Busia ya Uganda, iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na Kaunti ya Busia ya Kenya, iliyoanza kazi chini ya katiba mpya mwaka 2013, zote zinahitaji fedha, na kuzitaka zipunguze idadi ya mitumbwi ni kuzitaka zipunguze hazina zao. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 haikuligusa hilo: mvuvi wa Bunyala bado anahitaji leseni ya Uganda ili atege nje ya mstari wa Sumba, hata kama ndugu yake wa ukoo mmoja anakaa Sigulu. Pingamizi ya pili ni chakula cha miezi minne. Serikali zinazofunga ziwa zimekuwa zikitaja faida ya samaki watakaokua, na mara chache zimetaja mkopo, kazi ya muda au unga kwa jamaa ambayo mtumbwi wake umepandishwa nchi kavu. Hesabu ya mkopo huo inaweza kufanywa kwa kalamu na daftari, mwalo kwa mwalo, kwa kuwa majina ya wenye vyombo yamekwisha kuandikwa.